Gari kuchemsha mlimani: chanzo, dalili na la kufanya kabla injini haijafa

Kila tunapofungua laini za simu kwenye kipindi cha magari, hatumalizi nusu saa kabla msikilizaji hajauliza habari ya gari kuchemsha. Ujumbe uliotufanya tuandike ukurasa huu ulitoka kwa baba mmoja anayebeba abiria na ndizi kati ya Kyela na Mbeya: "Dada, Noah yangu nikiwa Kyela haina shida kabisa. Nikipandisha Tukuyu mshale unaanza kupanda, nikikaribia Uyole lazima nisimame, maji yanatoka kama chai. Nimebadilisha rejeta, bado. Nifanyeje?"

Hewani tulikuwa na dakika mbili, na dakika mbili hazitoshi. Haya ndiyo majibu kamili, kwa yeye na kwa wengine wote mnaopanda Kitonga, Nyang'oro au barabara ya Chunya mkiwa na jicho moja kwenye mshale.

Joto linatoka wapi

Petroli au dizeli ikiungua ndani ya silinda, takriban theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi kwenye eksozi, na inayobaki inaingia kwenye chuma cha injini. Joto hilo lisipoondolewa, haichukui muda mrefu hedi inapinda na pistoni zinakwama.

Kinacholiondoa ni maji yanayozunguka. Wota pampu inayasukuma kupita ndani ya bloku na hedi, yanabeba joto, yanapita mpira wa juu hadi kwenye rejeta, yanapozwa na upepo wa feni na wa mwendo, kisha yanarudi kwa mpira wa chini. Kwenye njia hiyo kuna mlango mdogo unaoitwa thamostati. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa ili injini ipate moto upesi. Maji yakifika nyuzi joto 82 au 88, kutegemea gari, unaanza kufunguka.

Juu ya rejeta kuna kifuniko chenye springi na mpira. Wengi wanakichukulia kama kizibo cha chupa, kwamba kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kwetu sisi wa nyanda za juu, hiki ndicho kifaa ninachotaka ukijue kuliko vingine vyote.

Maji ya Mbeya yanachemka mapema

Mama yeyote wa Makete anajua kwamba maharage huko yanachelewa kuiva kuliko Kyela. Sababu yake ni kimo. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka kabla hayajapata moto mwingi. Dar es Salaam maji kwenye sufuria iliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Iringa mjini, kwenye mita 1,500 na kitu juu ya usawa wa bahari, yanachemka kama kwenye 95. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, ni 94. Ukipanda hadi Kitulo, mita 2,600, ni kama 91 tu. Sufuria inatokota, lakini moto wa kuivisha haupo.

Sasa linganisha na injini. Gari zima lisilo na tatizo lolote linafanya kazi kwenye nyuzi joto 85 hadi 95 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba maji ya rejeta yangekuwa wazi kama ya sufuria, gari Mbeya lingechemsha hata likiwa zima. Kinacholiokoa ni kifuniko. Springi yake inabana maji yasipumue, presha inapanda, na maji yenye presha hayachemki upesi. Angalia juu ya kifuniko cha magari mengi madogo ya Kijapani utaona namba 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha kinayoshikilia. Kifuniko kizima kinafanya maji yavumilie hadi kupita nyuzi joto 115, na hapo tofauti ya Dar na Mbeya inakuwa ndogo.

Mpira wa kifuniko ukipasuka au springi ikilegea, kinga hiyo inaondoka. Gari lilelile litavumilia Kyela, kule chini karibu na ziwa, kisha litatapika maji Uyole. Ukiongeza kwamba kupanda mlima ni gia ndogo, mwendo mdogo na mguu umekanyaga mafuta hadi chini, huku hewa nyepesi ya juu ikibeba joto kidogo kuliko ya bondeni, utaelewa kwa nini ubovu mdogo usioonekana mahali tambarare unajitokeza mlimani.

Mshale ukianza kupanda

Ukiona mshale umepita mahali pake pa kawaida lakini haujafika kwenye nyekundu, zima AC kama imewaka. Washa hita ya ndani hadi mwisho na ufungue madirisha. Najua ni mateso, hasa ukiwa umetoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto lile, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inapunguza joto kweli. Punguza mafuta, rudisha gia moja ili feni na wota pampu zizunguke kwa kasi bila injini kulemewa, na tafuta mahali papana pa kuegesha. Kwenye Kitonga usisimame kwenye kona. Barabara ni nyembamba, na lori lililo nyuma yako halina pa kwenda.

Mshale ukifika kwenye nyekundu, taa nyekundu ikiwaka au mvuke ukitoka, hakuna cha "nimalizie mlima kwanza". Simama na uzime. Hizo mita mia tano za mwisho ndizo zinazoua hedi.

Weka jiwe nyuma ya tairi na pembetatu ya kuakisi mbali na gari, pande zote mbili kama uko kwenye mteremko wenye kona. Matawi ni mazoea yetu, sawa, lakini usiku hayaakisi mwanga. Na unapoondoka, ondoa mawe yako. Jiwe lililoachwa katikati ya lami ni mtego kwa bodaboda anayekuja gizani.

Kuna jambo moja linalodanganya madereva. Wakati mwingine gari linachemsha, mvuke unatoka, halafu mshale unashuka ghafla hadi kwenye baridi. Usifurahi. Kipimo cha joto kinasoma maji, na maji yakiisha hakina cha kusoma. Mshale ukishuka ghafla namna hiyo, zima injini palepale.

Usifungue kifuniko

Nimeona kijana amefungua kifuniko cha Hiace iliyochemsha huku abiria wakimhimiza, "fungua bwana, tunachelewa". Maji yaliyokuwa kwenye nyuzi joto zaidi ya 100, mara presha ilipoachiwa, yaligeuka mvuke kwa mara moja na kumrukia shingoni na kifuani. Alilazwa. Kwenye Hiace na Noah za zamani, ambazo injini iko chini ya viti vya mbele, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu uso wako uko juu yake na mvuke unajaa ndani ya gari.

Subiri angalau nusu saa, na likiwa limechemsha sana ngoja hata saa nzima. Kisha bonyeza mpira wa juu wa rejeta ukiwa na kitambaa mkononi. Ukiwa mgumu kama tairi, presha bado ipo. Ukibonyea kirahisi, funika kifuniko kwa kitambaa kizito, geuza uso pembeni, zungusha hadi hatua ya kwanza, acha hewa itoke yote, ndipo umalizie.

Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana. Mvue pete na saa kabla hajavimba, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Dawa ya meno, asali, mafuta ya kula, unga, vyote hivyo weka mbali. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya, hasa akiungua usoni, mikononi au eneo linalozidi kiganja chake.

Kosa la pili ni dumu la maji ya baridi. Utingo anakimbia mtoni, anarudi na maji ya Julai, anayamwaga kwenye injini inayowaka. Chuma cha moto kikikutana na maji hayo kinaweza kupata ufa, na ufa wa bloku au hedi gharama yake usiulize. Ngoja injini ipoe. Kama kweli huna muda wa kungoja mpaka ipoe kabisa, tumia maji ya vuguvugu na umimine kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma taratibu.

Linachemsha wakati gani?

Fundi mzuri anauliza swali hili kabla hajashika spana. Fundi anayekwambia "nunua rejeta" bila kuuliza chochote, mimi ningemshukuru na kuondoka.

Kama linachemsha likiwa limesimama, kwenye foleni ya Mwanjelwa kwa mfano, halafu likikimbia mshale unashuka, shuku feni. Mwendo ukiwepo upepo unafanya kazi ya feni, ndiyo maana linapoa. Feni ya umeme: angalia fyuzi, rilei, waya na mota yenyewe. Washa AC, kwenye magari mengi feni inapaswa kuzunguka hapo hapo. Feni inayozungushwa na mkanda, kama za Canter na Hilux nyingi: angalia mkanda haujalegea, kisha injini ikiwa imezimwa na imepata moto zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bila kizuizi chochote, klachi yake ya mafuta imeisha.

Kama linachemsha likikimbia au likipanda tu, lakini likisimama linapoa, tatizo ni maji hayapiti ya kutosha au rejeta haipozi. Anza na bure kabla ya kununua. Maji yamejaa? Mbele ya rejeta kuna nini? Huku kwetu mapezi ya rejeta yanaziba kwa vumbi, wadudu na mbegu za nyasi, na kwa wanaozunguka Ubaruku na Igurusi wakati wa mavuno, pumba za mpunga. Lioshe kwa maji ya presha ndogo ukimwaga kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukiosha kutoka mbele unazidi kuusukuma uchafu ndani, na presha kubwa ya kuoshea magari inakunja mapezi. Baada ya hapo pitisha mkono juu ya rejeta injini ikiwa imezimwa na feni haizunguki: ukikuta sehemu ni ya moto na sehemu ya baridi, ndani kumeziba.

Kama linachemsha dakika chache tu baada ya kuwasha, shika mipira miwili ya rejeta. Wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini wa baridi kabisa, mara nyingi thamostati imekwama ikiwa imefungwa. Wota pampu iliyochakaa visu vyake, au rejeta iliyoziba kabisa, inaweza kuleta dalili hiyo hiyo, lakini thamostati ni bei ndogo, anza nayo.

Unaweza kuipima nyumbani. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka jikoni. Inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Ila kumbuka ya Mbeya na Dar: thamostati iliyoandikwa 82 hufunguka kabisa karibu na nyuzi joto 95, na maji ya sufuria yako Mbeya yanaishia 94. Kwa hiyo ukiona imefunguka lakini si yote, usiitupe. Ni nzima. Ya kutupa ni ile isiyojongea kabisa.

Usisahau hewa. Ukibadilisha maji au mpira wowote, hewa inabaki imenaswa ndani, na hewa haibebi joto. Gari linachemsha wakati rejeta imejaa. Egesha pua ikiwa juu, jaza injini ikiwa ya baridi, washa bila kifuniko na hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, ongeza maji kila yanaposhuka mpaka mapovu yaishe. Noah na Hiace zinasumbua zaidi kwa hili kwa sababu mipira yake ni mirefu.

Maji yanapungua na hayavuji popote

Hapa ndipo moyo unadunda. Kama unaongeza maji kila siku na chini ya gari pakavu, maji yanaingia ndani ya injini kupitia gasketi ya hedi, au hedi yenyewe ina ufa.

Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko, washa, angalia ndani ya rejeta. Mapovu yasiyoisha yanayotoka kwa mpigo wa injini ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Dalili nyingine: mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja ya kuwasha, kabla injini haijapata moto. Au moshi mweupe mzito unaoendelea kutoka hata injini ikiwa imeshapata moto. Asubuhi ya Mafinga kila gari linatoa moshi mweupe, huo ni mvuke wa baridi na unaisha wenyewe.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji, usiwashe tena gari hilo, livutwe. Lakini utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili, wakati oili ya kwenye kijiti ni safi, huku kwenye baridi ni kawaida kwa magari ya safari fupi fupi. Watu wameshafunguliwa hedi bure kwa ajili ya utando huo.

Gasketi ikiwa imekwenda kweli, fundi akishafungua hedi asirudishe gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda. Ipelekwe kwenye mashine ikapimwe na kusawazishwa, na ikaguliwe ufa. Ukiruka hatua hiyo kwa kubana pesa, mwezi haupiti utakuwa umerudi.

"Toa tu thamostati"

Ushauri huu unatolewa karibu kila gereji ya chini ya mparachichi, na mimi mwenyewe niliufuata miaka ya nyuma. Fundi aliitoa, akaitupa, akaniambia gari halitachemsha milele. Mafuta yalianza kuisha upesi, asubuhi gari linakohoa hadi saa mbili, na mshale haukuwa unapanda kabisa. Injini isiyopata moto wake inakula mafuta mengi, oili inachafuka na silinda zinalika. Kule Lindi pengine usingeona tofauti kubwa. Kwenye baridi ya Juni ya Njombe, unaona. Kwa dharura njiani, itoe ufike mjini, kisha ununue mpya.

Maji gani yatiwe

Maji ya mtoni yana tope, ya visima vingi yana chumvi, na vyote vinaganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta kama utando mweupe wa kwenye birika. Ukilazimika, tumia, kisha uyatoe na kusafisha ukifika. Kilicho bora ni kulanti: inazuia kutu, inachelewesha kuchemka, na haigandi kwenye baridi kali kama ya Kitulo. Ile isiyochanganywa huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Hakikisha si asidi ya betri, chupa zinafanana. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima, na Rungwe mvua hamjawahi kukosa. Usichanganye kulanti mbili usizozijua, rangi peke yake haitoshi kukuhakikishia kwamba zinapatana.

Kulanti ina utamu na ni sumu. Kiasi kidogo kinaua mbwa, na mtoto hahitaji nyingi. Isikae kwenye chupa ya soda, na ile chafu usiimwage uani penye kuku na mbuzi.

Kuna wanaotia yai au manjano kuziba rejeta inayovuja. Inaziba kweli, tatizo haichagui cha kuziba. Mpira uliopasuka ni afadhali: ukate ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwa kuvuta sana na kupishanisha, jaza maji, na uende taratibu ukisimama kukagua.

Wenye pawatila msiingie hofu. Nyingi zina tanki la maji lililo wazi juu ya injini, na zimetengenezwa ili maji yachemke na kuondoka na joto. Kazi yako ni kuongeza kabla hayajaisha.

Kuteremka kwa fri

Baada ya kupanda na kuchemsha, wapo wanaoteremka kwa fri eti injini ipumzike. Hapana. Ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, injini inachoma mafuta kidogo sana au haichomi kabisa, huku feni ya mkanda na wota pampu zinazunguka kwa kasi. Inapoa vizuri kuliko ikiwa kwenye fri. Kwenye fri injini inanguruma polepole na uzito wote wa gari unabaki kwenye breki, nazo zikipata moto hazishiki. Mlima Iwambi na mteremko wa Igawilo tumeshazika watu wa kutosha.

Yule baba wa Noah alitupigia tena baada ya wiki mbili. Tulimwambia aanze na kifuniko. Fundi alipomfungia rejeta mpya alirudishia kifuniko kile kile cha zamani, mpira wake umekauka na kupasuka robo nzima. Amenunua kingine chenye namba ileile, akajaza maji na kutoa hewa. Sasa anafika Uyole mshale ukiwa katikati, na anauliza kama ile rejeta ya zamani inaweza kuuzwa.